Mkono wa Dirishani

Nasike aliuona mkono wa mumewe ukitoka dirishani. Aliuona ukikunja ngumi, ukagonga bati la gari mara mbili, kisha ukarudi ndani na kutulia juu ya goti kama mkono ambao haujaenda popote.

Hata hakushangaa. Kila anayesafiri kwa barabara ya Namanga anaijua lugha hiyo. Bati likigongwa mara moja, dereva husimama. Likigongwa mara mbili, huondoka. Ni kazi ya konda, lakini konda akikawia, abiria humsaidia. Na asubuhi hiyo, katika kituo cha Isinya, konda alikuwa amekawia. Alikuwa mlangoni akimshusha bibi mmoja wa Kimaasai pamoja na gunia lake, na mumewe, Mwalimu Wanjala, alikuwa na kipindi cha kwanza Kajiado.

Gari likaruka. Ukasikika ukelele mfupi, kisha kishindo cha kitu kizito kuangukia kokoto.

"Simama! Wewe dereva, simama! Umeangusha mtu!"

Abiria waliposhuka walimkuta bibi amelala ubavu, shuka lake jekundu limemfunuka hadi gotini. Konda, kijana mrefu aliyeitwa Katoo, alikuwa amepiga magoti akijaribu kumfunika. Gunia lilikuwa limepasuka na maharagwe yametapakaa hadi ukingoni mwa lami.

"Koko," alikuwa akisema, kama wanavyowaita bibi zao huko. "Koko, niangalie. Usifunge macho."

Vijana wa bodaboda walifika kabla ya yeyote kuuliza swali.

"Ni makanga! Konda mwenyewe amegonga kabla bibi hajashuka!"

"Haki ya Mungu si mimi! Mikono yangu yote ilikuwa kwa gunia!"

"Kwa hivyo gari imejigonga yenyewe?"

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokasirika, na kofi la kwanza likamshukia kijana huyo akiwa bado amepiga magoti. Halafu la pili. Halafu hayakuwa makofi tena. Nasike aliziba mdomo kwa leso. Alipomtafuta mumewe alimwona amesimama kando ya gurudumu, mkoba wake wa shule kifuani, akitazama kama mtu anayetazama mto uliofurika.

Polisi wawili walitokea upande wa soko wakamtoa Katoo mikononi mwa watu, damu ikimchuruzika puani. Mmoja wao akauliza nani alikuwa ameketi karibu na mlango.

"Muulizeni huyu mwalimu," mama mmoja muuza nyanya, abiria mwenzao, alisema. "Huyu ni mwenyekiti wa abiria wa Kitengela. Ndiye anatupigania. Yeye hawezi kudanganya."

Polisi akamgeukia. Wanjala alikohoa.

"Nilisikia bati likigongwa mara mbili," alisema. "Ndipo gari likaondoka."

"Na mwenye kugonga ni nani?"

"Kwa kawaida ni konda."

Hapakuwa na neno la uongo hapo. Nasike alingoja amalizie. Hakumalizia. Alitazama saa yake, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba watafute gari lingine, wasije wakachelewa.

Nasike akamfuata. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: kwamba alimfuata, furushi lake la sare za kwaya begani, akiinua miguu juu juu ili asiyakanyage maharagwe ya wenyewe.

Walikaa Kitengela, orofa ya tatu ya jumba linaloitazama barabara ya Namanga, ambapo malori ya saruji hutikisa vyombo kabatini mchana kutwa. Nasike alikuwa fundi wa nguo. Mumewe alifundisha hesabu katika shule moja ya kutwa huko Kajiado, na kila jioni, badala ya kupumzika, alifanya kazi ya pili ambayo hakuna aliyemwajiri: kuipigania haki ya kusafiri bila kuumizwa wala kutukanwa. Alianzisha kikundi cha abiria wa mtaa wao. Alibandika karatasi ndani ya magari kwa gundi aliyoinunua mwenyewe. *Usishuke kabla gari halijasimama. Mpishe mama mwenye mtoto. Usimshike mtu asiyetaka kushikwa. Usimtukane konda, naye asikutukane.* Makonda walizibandua, naye akabandika nyingine. Watu walimcheka. Nasike hakuwahi kumcheka. Aliolewa na mtu huyo kwa sababu ya mambo kama hayo.

Katika karatasi zile zote hapakuwa na sharti lolote juu ya kugonga bati. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ni kosa.

Jioni hiyo binti yao Valerie, wa kidato cha tatu, aliwapokea mlangoni na simu mkononi.

"Daddy, wanakusifu kwa grupu yote ya mtaa! Sacco ya hayo magari imekubali kikao. Jumamosi! Chairman mwenyewe anakuja. Na vile walikuwa wanakuita Waziri wa Matatu."

"Nani amesema?"

"Imeandikwa. 'Mwalimu alituonya juu ya hawa makanga, tukapuuza.' Ona wamekuwekea mikono ngapi ya kupigiwa makofi." Kisha akageuza simu upande wa mama yake. "Na huyu ndiye yule konda. Wamemtwanga mpaka amelia kama mtoto. Mtu ameandika, 'Dawa imeingia.'"

"Zima hiyo," Nasike alisema.

"Lakini, Mum, si ndiye aliangusha—"

"Nimesema zima, Valerie."

Walikula ugali, sukuma wiki, na mayai aliyokaanga haraka. Valerie alipokwenda chumbani kusoma, Nasike alikusanya sahani, kisha akazirudisha mezani akakaa.

"Baba Valerie."

"Najua unachotaka kusema."

"Basi kiseme wewe."

Wanjala aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa bado na ugali vidoleni. "Tangu lini kugonga gari kukawa hatia? Wewe hugongi?"

"Nagonga."

"Haya. Dereva anafaa kuangalia kioo. Hakuangalia, kioo kilikuwa kimezibwa na watu. Konda anafaa kufunga mlango kabla ya gari kuondoka. Sikuona huyo bibi, Mama Valerie. Niliona mgongo wa konda tu. Nilidhani ni gunia linabaki."

"Naamini. Lakini aliye ndani ya seli ni yeye."

"Atatoka. Hawa hutoka. Sacco yao itamsimamia."

"Sacco gani? Hii iliyomkana kabla ya chakula cha mchana?"

Lori lilipita, vikombe vikatetemeka, wote wakangoja limalize kama wanavyongoja mtu mkubwa amalize kusema.

"Nisikilize," Wanjala alisema, tena kwa upole. "Kwa miaka hii yote hawajawahi kukubali hata kuniketisha. Sasa wamekubali. Nataka kengele ndani ya kila gari, yenye kamba anayoishika konda peke yake. Nataka mlango usiachwe wazi. Nataka wazee washushwe kwanza na mtu amewashika. Watakubali, kwa sababu wameogopa. Wazee wangapi watapona kwa hilo? Watoto wangapi? Sasa nikisimama niseme, jamani, ni mimi. Wataniambia nini? 'Mwalimu, nenda nyumbani.' Na yote yatakufa hapo hapo."

"Na Katoo?"

"Umejuaje jina lake?"

"Walikuwa wakiliita wakimpiga."

Wanjala aliinuka akaenda kunawa. Maji ya mfereji hayakuwepo, kwa hiyo alichota kidogo kutoka kwenye ndoo kwa kikombe, akanawa mkono mmoja, na akarudia kuunawa.

Alhamisi Nasike alifunga kibanda chake mapema. Alipika uji wa wimbi, akautia maziwa, akaumimina kwenye chupa ya chai, akapanda gari hadi hospitali ya Kajiado alikolazwa yule bibi. Hakumuaga mumewe. Alijiambia anakwenda kumjulia hali mgonjwa tu, kama angefanya mtu yeyote.

Bibi aliitwa Zipporah. Alilala chali karibu na dirisha, mfupa wa nyonga umevunjika, mguu umefungwa kwa uzito unaoning'inia. Binti yake, Seleyian, mwanamke wa makamo mwenye shanga nyembamba shingoni na sweta la buluu, alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Takwenya, koko," Nasike alisema. Maamkizi hayo alijifunza kwa wateja wake.

"Iko," bibi alijibu, akageuza shingo polepole. Akasema jambo kwa Kimaa.

"Anauliza wewe ni wa nani," Seleyian alitafsiri.

"Nilikuwa ndani ya lile gari. Mimi na mume wangu. Yule mwalimu."

Uso wa Seleyian ulifunguka. Aliacha kupepea, akamshika Nasike mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mmefanya vizuri sana. Gari mzima ilikuwa imejaa watu, na hakuna hata mmoja amekuja. Ni nyinyi peke yenu. Yeyo, mama yangu, huyu ametoka Kitengela kukuona!"

Walimnywesha uji kwa kijiko. Bibi alikunywa kidogo kidogo, macho yamefumba, na alipomaliza alianza kuzungumza Kiswahili, taratibu, akitafuta kila neno kabla ya kuliweka.

"Ile kijana haikugonga. Mimi nilikuwa nimeshika bega yake. Mkono yake moja kwa gunia, mkono ingine kwa kiuno yangu. Atagonga na nini? Na kichwa?"

Nasike aliangalia sakafu. "Mliwaambia polisi?"

"Alimwambia afande mwenyewe, hapa hapa," Seleyian alisema. "Unajua afande aliniuliza nini? 'Huyo kijana ni wa kwenu?' Nikasema ni Mmaasai, ndiyo, lakini sijui boma yao. Akacheka. Akafunga kalamu. Akasema, 'Mnaficha mtu wenu.' Halafu akaniambia mama amegonga kichwa, asisumbuliwe na maswali." Alikaza midomo. "Mama hakugonga kichwa. Sisi tukisema, inakuwa hivyo. Sasa korti imesema akae ndani huko Isinya mpaka Jumatatu, ijulikane kama mama atapona. Na yule aliyegonga yuko kwake, anakunywa chai."

Bibi aliinua mkono mmoja kutoka chini ya blanketi akamwashiria Nasike asogee. Nasike aliinama. Bibi akaushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akatemea ndani yake mate mepesi, mara kwa mara, huku midomo ikinong'ona.

"Anakubariki," Seleyian alisema kwa sauti ya chini. "Wewe na nyumba yako. Anamwomba Enkai, Mungu wetu, awape watoto na maisha marefu, kwa sababu mlimkumbuka."

Nasike alitaka kuuondoa mkono asiweze. Alitaka kuwaambia ni nani aliyegonga. Alishukuru. Alichukua chupa yake, akatoka akiwa ameukunja mkono ule kama mtu aliyeiba kitu kidogo mahali patakatifu. Kituoni Kajiado konda mmoja alimtolea mkono amsaidie kupanda, naye akampa ule wa kushoto.

Usiku ulipoingia alikuwa bado hajawasha taa. Wanjala alimkuta hivyo, amekaa kwenye kochi gizani.

"Umeme umekatika?"

"La." Aliiwasha taa mwenyewe. "Nilikwenda kumwona."

Alimweleza yote: gunia, kiuno, afande, na kalamu. Alipofika kwenye baraka aliacha hapo. Wanjala aliketi kwenye mkono wa kochi, mkoba bado begani.

"Utasema Jumamosi?" Nasike alimuuliza.

"Jumamosi nitasema yale niliyoitwa kuyasema."

"Basi mimi nitasimama."

"Useme nini? Mbele ya mtaa mzima, mke wangu mwenyewe?"

"Sijui nitasema nini. Labda sitasema kitu. Lakini ukifika kwa huyo kijana ukampita hivi hivi, nitasimama, Baba Valerie, na sitaketi."

"Shule wakisikia, unajua itakuwaje? Mwalimu ana kesi. Unajua?"

"Najua."

"Na Valerie?"

Nasike aliinuka. Alikwenda jikoni akapasha chakula moto. Ijumaa hawakuzungumza, ila kuhusu chumvi na maji. Lakini Jumamosi asubuhi Nasike alimpigia pasi shati jeupe, lile la siku za kanisa, akalinyoosha kola kwa uangalifu zaidi ya siku zote.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa mabati wa kanisa, karibu na soko la Kitengela. Watu walijaa hadi mlangoni. Chairman wa Enkare Sacco, mzee Gakuru, mtu mnene mcheshi mwenye kofia ya kauboi, aliketi mbele pamoja na madereva wake. Valerie aliketi safu ya pili na wasichana wenzake, simu tayari kurekodi. Nasike aliketi katikati, kando ya mama mmoja muuza samaki.

"Sisi kama Sacco tumesikia kilio chenu," Gakuru alianza. "Yule kijana tumeshamtimua. Na Jumatatu atasimama mbele ya hakimu, awe funzo kwa wengine. Au sivyo?"

"Ndivyo kabisa! Afungwe!" mtu alipaza sauti, watu wakacheka na kupiga makofi.

Muteti, aliyekuwa akiendesha gari siku ile, alisimamishwa ajieleze. Alikuwa mtu mfupi, amekonda uso kwa siku chache. "Mimi bati ikigongwa mara mbili naenda," alisema. "Sioni mkono. Nasikia tu."

"Na macho uliyaacha kwa mke?" muuza samaki alimtupia. Ukumbi ukaangua kicheko. Muteti aliketi bila kumtazama yeyote.

Kisha akaitwa Mwalimu. Alipokelewa kwa makofi marefu, na Nasike aliona jinsi mabega ya mumewe yalivyonyooka, kama mtu aliyekuwa amebeba maji kutoka mbali na sasa ameona nyumba. Alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya kengele, mlango, na wazee. Gakuru alikuwa akitikisa kichwa akikubali kila jambo. Ilikuwa kama alivyosema: walikuwa wameogopa, na wangekubali yote.

"Na kuhusu tukio la Jumanne," Wanjala aliendelea, "ni wazi kwamba pale konda anapokosa nidhamu ya kazi yake—"

Nasike akasimama.

Hakusema neno. Alisimama tu, mikono imeshika mkoba mbele yake. Watu wa nyuma walidhani anatoka nje. Muuza samaki alivuta magoti kumpisha. Hakusogea.

"Mama, maswali ni baadaye," Gakuru alisema.

Aliendelea kusimama. Wanjala alimwona. Alifungua mdomo kuendelea, akaurudia mwanzo wa sentensi yake, akaupoteza. Wasichana walianza kunong'ona. Valerie aligeuka, akamwona mama yake, akashusha simu polepole.

"Mama Valerie, keti," Wanjala alisema, na lilitoka kama ombi.

Nasike alitikisa kichwa.

Hapo ukumbi ulinyamaza kabisa, kwa kuwa hakuna kinachonyamazisha watu upesi kama mambo ya mume na mke. Wanjala alipangusa paji la uso.

"Kuna jambo la kurekebisha," alisema. "Siku ile bati halikugongwa na konda. Lilipigwa kutoka ndani. Mjuavyo, sisi abiria... kuna mazoea. Gari lilikuwa limekaa sana. Kioo kilikuwa kimezibwa, mlango ulikuwa wazi, na aliyekuwa dirishani hangeweza kuona..." Alimtazama Nasike, bado amesimama. "Ulikuwa mkono wangu. Lakini ni mazoea ya wote, nataka hilo lieleweke."

Kisha Gakuru alianza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani.

"Ngoja. Ngoja nielewe. Mwenyekiti wa usalama ndiye aliyeangusha mtu?" Aliwageukia madereva wake. "Na sisi ndio tulikuja hapa kuomba msamaha! Mwalimu, kabla hatujafunga kengele kwa magari, si tuifunge kwanza kwa huo mkono?"

Kicheko kikalipuka. Hata wale waliompigia makofi walicheka, na wao walicheka kwa nguvu zaidi.

"Mnacheka nini?" Muteti alikuwa amesimama tena. "Nani hapa hajawahi kunigongea? Ainue mkono! Kila siku mnanigongea, mnataka kufika. Nani?"

Hakuna mkono ulioinuliwa. Watu walianza kutafuta mikoba yao chini ya viti.

Gakuru alisema hayo mapendekezo atayafikiria, wakati mwingine, akipata nafasi. Kisha akatoka na watu wake, bado akijipangusa machozi ya kucheka.

"Ungeketi tu, mama," muuza samaki alimwambia Nasike bila ukali, akikunja leso yake. "Tungepata angalau milango. Sasa hatuna kitu."

Valerie aliondoka ukumbini na wasichana wenzake, kisha akatembea peke yake, kwa maana wale walikuwa wamemwacha nyuma. Jioni hiyo hakula. Alipopita sebuleni kuchukua maji alisema, bila kumtazama yeyote, "Nimejitoa kwa grupu," akafunga mlango wake.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, Wanjala alimwambia mkewe kwamba anakwenda kituo cha polisi Isinya. Alisema akiwa amemgeuzia mgongo, akifunga kamba za viatu.

"Nije?"

Alikawia. "Njoo."

Afande waliyemkuta alikuwa mwenye faili la kesi, yule yule wa kalamu aliyemhoji bibi. Alisikiliza, akaegemea kiti nyuma. "Mwalimu, kesi kama hii haifi. Inabadilisha mtu tu. Unaelewa unachojiandikia?"

"Naelewa."

"Hakuna aliyekutaja. Ungekaa kwako."

"Nilikaa."

Aliandika maelezo yake kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa na wazi, akatia sahihi. Aliambiwa ataitwa. Wakaketi kwenye benchi la nje hadi jua lilipoanza kuteremka upande wa Kajiado, simu zikipigwa huku na huko, ndipo Katoo akatolewa, mshipi wake mkononi, jicho moja limevimba hadi kufumba. Aliwatazama wakiwa wamesimama kumpokea. Hakuwaamkia.

"Kijana," Wanjala alianza. "Nimekuja kukuambia pole—"

"Wameniambia." Alikuwa akipitisha mshipi kwenye suruali, polepole, kwa sababu vidole vilikuwa vinauma. "Nilikuona, unajua? Wakinipiga. Ulikuwa kwa gurudumu, umeshika bag. Nilifikiria, huyu mwalimu ndiye atawazuia. Nikakuita. Hukusikia?"

"Nilisikia," Wanjala alisema.

Nasike hakuwa amelijua hilo.

Katoo alimaliza kufunga mshipi. "Pole yako siitaki. Gari nayo wameshapatia mtu mwingine, najua. Lakini mama yangu alikuja juzi na chai. Aliniuliza kitu moja tu: 'Ulikuwa umekunywa?' Nikamwambia sikugonga. Akaniangalia hivi, akachukua kikombe yake akaenda. Watu wa kanisa hawamsalimii. Kama unataka kusema pole, twende umwambie yeye. Mdomo yangu haitoshi."

Waliondoka barabarani wakafuata njia ya vumbi nyuma ya mashamba ya maua, Katoo mbele akichechemea, Wanjala nyuma yake na viatu vyake vilivyong'arishwa, Nasike mwisho. Upepo wa uwanda uliwapiga usoni. Baada ya nyua za seng'enge kukatika, ikaonekana nyumba ya mabati ya vyumba viwili, zizi la miiba, na mwanamke akitenganisha wana-mbuzi na mama zao.

Aliwaona kutoka mbali. Hakukimbia kumlaki mwanawe. Alingoja, mwana-mbuzi mmoja amembana kwapani.

"Wamekuachilia," alisema.

"Ndiyo, Yeyo."

"Na hawa ni nani?"

Katoo alisogea kando. Wanjala alivua kofia. Alianza kusema juu ya barabara, juu ya gari lililokuwa limekaa sana kituoni, juu ya kioo. Mwanamke alimtazama bila kupepesa. Sauti ya Wanjala ikapungua, ikasimama. Nasike alijua maneno gani yangemsaidia. Kwa miaka mingi alikuwa akimnong'onezea maneno anapokwama mbele za watu. Safari hii alinyamaza.

"Mama," Wanjala alisema. "Mimi ndiye niliyegonga. Mtoto wako alikuwa amemshika yule bibi, asianguke. Niligonga, bibi akaanguka, wakampiga yeye. Alikuwa akiniita. Nikanyamaza."

Mwanamke alimweka mwana-mbuzi chini. Alimwendea mwanawe, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga uliobaki, akaligusa lile jicho kwa ncha ya kidole. Katoo alijikaza, kisha akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika kama ya mtoto.

Nasike alisogea akasimama kando ya mumewe. Hakuna aliyewaambia wakae, na hakuna aliyewaambia waende.